Soro la Nyumba Thelathini na Mbili

Jioni ile Theonest alitoka kwake na kigae mkononi, akaenda kuomba moto kwa jirani. Jambo la kawaida kabisa. Mwaka ule wa sabini na tisa kiberiti dukani hakionekani, sabuni haionekani, chumvi ya kusikia kwa watu. Nyumba ikizimikiwa moto, mtu hutumwa kwa jirani akachukue kaa moja, na hakuna anayemwuliza kitu. La kuuliza lilikuwa hili: mwalimu mzima, ambaye mkewe hajawahi kuacha jiko likazimika, alikuwa anaombaje moto nyumba baada ya nyumba, siku kumi mfululizo? Lakini watu walikuwa na vita kichwani. Nani angekaa kumhesabia mwenzake makaa?

Kaa la jioni ile lilikuwa la mwisho. Lilitoka kwa mzee Shilinde, mgonjwa wa kifua, aliyempa huku akikohoa na kumwombea heri. Theonest akashukuru, akainama kwa adabu, akaondoka mbiombio kabla halijapoa.

Kijiji chenyewe kilikuwa upande wa Nyamigogo, na sisi wa Nemba tulikiona kikizaliwa. Mwaka wa sabini na nne malori yalikuja, watu wakatolewa kwenye migomba yao na makaburi ya baba zao, wakapangwa kwenye nyumba za miti na udongo. Safu nne. Kila safu nyumba nane, zimenyooshwa kwa kamba. Wazee walipoziangalia kutoka mlimani wakasema, hiki si kijiji, hili ni soro. Soro ndilo bao la huku kwetu, safu nne za mashimo manane na kete zake. Wakacheka. Hawakucheka tena.

Theonest alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, mwembamba, miaka thelathini na mmoja, na majivuno ya mtu aliyesifiwa mapema. Alisifiwa kwa michezo. Wilayani walimpa boksi la karatasi ngumu zenye njia ya vyumba iliyochorwa tayari, dadu, na vikaratasi vya kubandika. Yeye kazi yake kubandika tu: mkulima amepalilia, asonge vyumba vitatu, mkulima amelewa, arudi viwili. Mwanzo umechapishwa, na kwenye chumba cha mwisho limechapishwa neno MWISHO, herufi kubwa nyekundu. Watu wazima walicheza, wakacheka, wakajua kusoma. Basi Theonest akaanza kujiita mtengenezaji wa michezo, na wageni wakija anawaonyesha.

Aliyemkata maini ni mzee Nkeshimana. Huyu alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili na binti yake mmoja, Kankindi; wengine wote walibaki kule, ardhini. Alikuwa fundi wa vinu, viti na vyungu vya maziwa vya mti, mzee wa maneno machache na makali. Siku moja alikuja kumchukua Kankindi darasani, akaokota ule mchezo wa karatasi, akaugeuza nyuma.

"Huku nyuma mbona hakuna kitu?"

Theonest akasema nyuma ya karatasi huwa hakuna kitu.

"Basi huu si wako," mzee akamwambia. "Wewe umebandika tu. Mchezo wa kweli hupangwa kwa nyuma. Na ukishapangwa, hauhitaji mtu wa kuucheza."

Mwingine angecheka akasahau. Theonest hakulala, na si kwa majivuno peke yake. Mdogo wake Renatus, wa tumbo moja, alichukuliwa pamoja na mgambo wenzake mwezi wa kumi na moja kwenda vitani. Barua mbili zilikuja, kisha kimya cha miezi mitatu. Mama yao, Deodata, alikuwa amefikia mahali pa kupika chakula cha Renatus kila jioni na kukimwaga kila asubuhi. Alikuwa anakonda mbele ya macho yao. Theonest alitaka kitu kimoja tu duniani: Renatus arudi nyumbani, mzima. Akajiambia, kama mchezo unaweza kwenda wenyewe, unaweza kwenda hata kumchukua mtu.

Akaenda kwa Nkeshimana, akapiga shikamoo, akaomba kufundishwa.

Walianza na kibao cha mashimo manne. Mbele ni mashimo na kete, mbegu nyeusi za mgomba-mwitu, kila mbegu ya kiumbe mmoja. Nyuma ndiko kwenye kazi. Unachonga kwa ncha ya kisu, mkono wa kushoto alama za *kama*, mkono wa kulia alama za *basi*. Kama jua limefika kwenye paa, basi kuku waingie bandani. Theonest alichonga amri hiyo moja juu ya kuku wake watano, akakaa kusubiri, moyoni akijiona mjinga.

Jua likafika kwenye paa.

Tak...

Mbegu ilikuwa imeruka yenyewe shimo hadi shimo. Hakuna mkono. Ikapanda harufu ya udongo mbichi, ule wa kaburi lililochimbwa asubuhi. Tak... tak... Na uani kuku wakaacha kudonoa, wakapanga mstari, wakaingia bandani mchana kweupe.

Hawakutoka. Mlango ulikuwa wazi, maji yako hatua mbili, nao wamesimama midomo wazi wakitazama ukuta. Siku ya tatu wakafa kwa kiu, mmoja mmoja. Theonest hakuwa amechonga amri ya kutoka. Nkeshimana alicheka mpaka machozi.

"Ubao hufanya ulichochonga," akasema. "Ulichokuwa nacho moyoni haukijui."

Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angerudi kwenye karatasi na dadu, akamshukuru Mungu ni kuku. Theonest akaomba gogo kubwa.

Gogo likachongwa, safu nne za mashimo manane, sawasawa na kijiji, kwa sababu mzee alisema mtu haitwi kutoka mbali kuja kwenye shimo moja la upweke. Huitwa na ubao mzima. Kila shimo likaunguzwa kwa kaa la nyumba yake, na hiyo ndiyo habari ya kigae. Kila mtu wa kijiji akapewa mbegu yake. Theonest akaweka ya mama na ya dada yao Restituta katika shimo la tano. Kwenye shimo lake mwenyewe akaweka mbegu mbili: mkewe Scholastika, na binti yao Odeta wa miaka minne. Yake hakuweka, kwa kuwa mzee alimkataza: mpangaji hajiweki ubaoni. Nkeshimana naye hakuwekwa. Mbegu ya Renatus ikawekwa nje, pembeni, kwenye ukingo wa barabara.

Kisha akachonga nyuma. Kama aliye nje ameitwa, basi aingie, apite nyumba kwa nyumba mpaka kwa mama. Hiyo ya kwanza. Na ya pili alichonga mkono ukimtetemeka, maana ndiyo aliyoiwaza usiku na mchana. Katika soro, kete ya mwisho ikiangukia penye wenzake, wote huinuliwa pamoja na kugawiwa mbele, moja kila shimo. Ikiangukia shimo tupu, hulala. Sheria hizo ziko ndani ya mti, hazichongwi. Theonest hakutaka Renatus alale popote. Akachonga: kama shimo ni tupu, basi asilale.

Akaugeuza ubao, akaridhika. Hakuchonga mwisho. Jamani, hakukumbuka. Miaka yote neno MWISHO lilikuwa limeshachapishwa na watu wengine, yeye hajawahi kulifikiria hata dakika moja.

Nkeshimana alisoma alama zote kwa kidole. Akasoma tena. Akarudisha ubao bila kusema neno.

Siku ya nne, jua likizama, Renatus akaingia kijijini.

Alikuja kwa barabara, amekonda, shati la jeshi limemganda mgongoni. Akaingia nyumba ya kwanza, akasalimia, akatoka. Ya pili, akasalimia, akatoka. Watu wakasema kijana ana adabu, vita havijamharibu. Ya tatu, ya nne. Ya tano ilikuwa ya mama yake. Deodata alianguka kwa magoti akamshika miguu, akalia kwa sauti ambayo kijiji kizima kilisikia. Theonest naye alilia, akamkumbatia mdogo wake, akashiba harufu ya jasho lake. Kilio kile cha furaha mimi siwezi kumlaumu. Walikula pamoja, na chakula cha jioni ile hakikumwagwa.

Kesho yake, jua likizama, Theonest alikuwa darasani anafuta ubao wa chaki. Akasikia kabatini, alimofungia lile gogo.

Tak...

Alikimbia. Alimkuta mama yake amekwisha kunja mkeka, anatoka. Nyuma yake Restituta. Nyuma yake Renatus. Hawakusemeshana. Macho yao wazi, nyayo zao zinakwenda sawa, moja, moja. Mama akaingia nyumba ya sita, akatandika mkeka, akaanza kupepeta mchele wa wenyewe. Restituta ya saba. Renatus ya nane. Nyumba ya tano ikabaki mlango wazi, moto unawaka peke yake.

"Mama," Theonest akanong'ona. "Mama, twende nyumbani."

"Hapa ndipo kwangu, mwalimu," mama akamjibu kwa upole, kama unavyomjibu mgeni aliyepotea. "Karibu ukae." Na mwenye nyumba hakushangaa. Alimwita Deodata shangazi.

Siku iliyofuata ikainuliwa nyumba ya nane, wote waliokuwamo, na Renatus mkiani. Kila jioni nyumba moja. Watu wanabeba mikeka, wanaingia kwa wenzao, na anayeingia anakuwa wa humo: anajua chumvi iko wapi, anajua mtoto yupi ana degedege, na aliowaacha nyuma amewasahau. Mtoto mchanga alibaki akilia katika nyumba tupu mpaka asubuhi. Mama yake alipita nje akauliza ni mtoto wa nani huyo. Balozi wa nyumba kumi, Faustini, mtu wa daftari, alifungua daftari lake ili akomeshe fujo. Akakuta majina yamekaa kama watu walivyokaa, kwa mwandiko wake mwenyewe, wino wa zamani. Akalifunga na hakutaka kulizungumzia tena. Wakubwa walipokuja walisema ni mshtuko wa vita, wakaagiza watu walime.

Theonest alikuwa ameshaelewa. Kila jioni aliyeingia mwisho ndiye hutoka mwisho, na kila mara aliyeingia mwisho ni Renatus. Renatus ndiye kete ya mwisho. Anaangukia, anainua, anaendelea. Siku ya tisa tangu arudi, alikuwa nyumbani kwa Faustini, pamoja na Faustini na mkewe. Watatu. Theonest akahesabu mbele kwa kidole: nyumba ya kwanza, ya pili... ya tatu ilikuwa yake.

Leo jioni Renatus angeanguka nyumbani kwake. Kesho wangeinuliwa Scholastika na Odeta.

Alikwenda kwa Nkeshimana akamkuta anachonga mchi. Akamwambia yote, kwa sauti ya chini.

"Niliona," mzee akasema. "Siku ile ile. Hukuweka mwisho."

"Ukanyamaza?"

"Nilitaka ujifunze. Mimi nani alinibandikia?"

Theonest angeweza kumrukia shingoni. Lakini alikuwa na haja naye. Mzee akamweleza, mkono haujaacha mchi: alama iliyochongwa haifutiki, ila chini yake huongezwa nyingine. Kama wa mwisho amefika, basi alale, mchezo uishe. Atakayekuwa wa mwisho jioni hiyo atalala, na hataamka. Bila mtu wa kulala, mchezo hauishi.

"Wa mwisho leo ni nani? Umehesabu?"

Theonest alimtazama usoni. Uani, nyuma ya mzee, Kankindi alikuwa amechuchumaa na daftari gotini, anaandika jina lake kwa penseli, ulimi nje, kama alivyofundishwa wiki ile.

"Ni mzee Shilinde," akasema.

Nkeshimana akafikiri kidogo. Shilinde anatapika damu, akasema. Masika hii haimalizi. Akamkabidhi kisu chake cha kuchongea, kile chembamba, na kumwonyesha jinsi alama ya mwisho inavyokatwa. Msimwonee huruma mzee huyu haraka. Alimtoa Shilinde bila kupepesa.

Theonest akarudi darasani, akajifungia. Akachonga mwisho. Kisha akageuza ubao, akatafuta shimo la Nkeshimana. Mlikuwa na mbegu moja, ndogo. Mkono wake haukutetemeka safari hii, na hilo alilikumbuka baadaye kuliko mengine yote. Akaitoa mbegu kwa vidole viwili, akaiweka katika shimo la Faustini, juu ya mbegu ya Renatus. Sasa ni wanne. Renatus ataanguka nyumbani kwangu, akawaza, atakuwa wa kwangu, atanijua, tutakaa pamoja. Na wa nne ataangukia nyumba inayofuata, ambayo ilibaki tupu tangu mzunguko ulipoanza. Mtu asiye na ukoo huku. Nani atamlilia zaidi ya mmoja? Ndivyo alivyowaza, kwa maneno hayo hayo.

Kupitia ufa wa dirisha alimwona Kankindi akivuka njia na mkeka, akiingia kwa Faustini.

Jua likagusa mlima.

Tak...

Faustini akatoka.

Tak... mkewe. Tak... Renatus, mabega wima, akaingia moja kwa moja katika nyumba ya Theonest, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Kankindi alikuwa wa mwisho. Alipofika usawa wa dirisha akasimama. Wengine wote hawakuwahi kusimama. Akageuza uso pole pole, pua juu, kama anayesikia harufu.

"Mwalimu," akanong'ona. "Mbona nyumba ile haina moto?"

Theonest alirudi nyuma, akaziba masikio kwa viganja.

Tak.

Hata kwa viganja alisikia. Kisha ubao ukanyamaza, na harufu ya udongo ikakatika kama mtu amefunga mlango. Theonest hakuthubutu kutoka. Alilala pale pale sakafuni.

Asubuhi vilio vilimwamsha. Kankindi alikutwa ameulalia mkeka, viganja chini ya shavu, wa baridi. Akazikwa alasiri ya siku hiyo. Nkeshimana hakulia. Alisimama ukingoni mwa shimo na mikono mitupu, na wakati watu wanarudishia udongo akasogea mpaka bega lake likagusana na la Theonest.

"Shilinde ameamkaje?" akamwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Theonest akatazama udongo unaoanguka. Mzee akaitikia kwa kichwa, kama amejibiwa, akaondoka kabla ya watu wengine. Theonest alipopita darasani alikuta kabati wazi. Ubao haupo. Nyumbani kwa mzee hakukuwa na mtu wala chombo, ila vumbi la mbao. Kuna waliosema walimwona njia ya Ngara, na gogo kichwani. Alilibeba la nini, na alikwenda kuchonga nini nyuma yake, hakuna ajuaye mpaka leo.

Lakini Theonest hakukaa kuyawaza hayo. Mchezo umekwisha. Renatus yuko hai, yuko kwake. Akaenda nyumbani karibu anakimbia, mara ya kwanza tangu jana.

Scholastika alikuwa nje anachekecha unga. Alimwona, akainuka, akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Karibu, mwalimu," akasema. Akaingia ndani, akatoka na kiti cha wageni. Odeta akajificha nyuma ya mguu wa mama yake, akichungulia.

"Mama Odeta," Theonest akasema. "Ni mimi."

"Ndiyo, mwalimu. Baba Odeta anakuja."

Renatus akatoka ndani. Alikuwa amenawa, amenyoa, amevaa shati la Theonest. Mtoto akamkimbilia, akambeba. Shimo lile lilikuwa na mwanamke na mtoto tu. Aliyeangukia humo ndiye baba. Theonest alikaa kwenye kiti cha wageni. Alisema maneno mengi, akataja mama, akataja Restituta, akataja mti waliokuwa wakiupanda pamoja wakiwa wadogo. Renatus alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Akasema pole, mwalimu, huenda unanifananisha. Mimi sikuzaliwa na ndugu.

Wakamlazimisha ale. Alikula, mkono wake katika sahani moja na mkono wa mdogo wake. Renatus akamsimulia vita: jinsi alivyolala siku mbili shimoni kati ya waliokufa, amekata tamaa, mpaka akasikia mtu anamwita kwa jina, jioni, na miguu ikaanza kwenda yenyewe.

"Sijui ni nani aliyeniita," akasema. "Ningemjua ningemshukuru."

Giza likawa linaingia. Renatus akainuka, kama inavyopasa, akamsindikiza mgeni. Walitembea bega kwa bega kando ya safu ya nyumba, moshi wa jioni ukitoka kwenye kila paa. Mwisho wa safu Renatus akasimama, akampa mkono, mkono wa joto, wa mtu mzima aliye hai.

"Asante kwa kututembelea," akasema. "Na wewe, mwalimu, kwako ni wapi?"